Tiketi ya Kurudi

Ofisi yetu iko ghorofa ya pili, mtaa wa Zanaki,
juu ya duka la miwani. Feni inazunguka na kulalamika.
Nauzia watu mawingu, mimi sijawahi kuyapita;
bahari yangu ni ya panton, Kigamboni kuja mjini,
shilingi mia mbili, dakika chache, pikipiki ubavuni.

Jumanne akaja Bi Marika Mwinjuma,
kanga juu ya gauni, miwani ya kusomea ikining'inia kifuani,
akaweka mezani bahasha iliyokunjwa mara nne
yenye jina la kisiwa kwa wino uliofifia: Limnos.
"Nipangie," akasema. "Kabla magoti hayajanikatalia."

Nikamgeuzia kioo cha kompyuta aone.
Dar hadi Doha, Doha hadi Athene, hapo hakuna ubishi.
Ubishi unaanza Athene:
ndege ndogo ya mapanga, haifiki saa moja,
au meli, usiku kucha.
Nikapiga hesabu kama nilivyofundishwa.
Meli ni rahisi, lakini ongeza kitanda, ongeza chakula,
ongeza teksi ya kwenda bandarini,
na upepo ukichacha haing'oi nanga,
pesa yako inalala gatini na wewe pembeni yake.
"Chukua ndege, mama."

Yeye alikuwa na penseli.
Kila saa niliyoitaja aliipindua:
19:30 akaandika saa moja na nusu usiku,
05:00 akaandika saa kumi na moja, adhana.
"Siku ya watu hawa inaanza usiku wa manane,
wote wamelala," akacheka. "Nani anaipokea?"

Kisha akanieleza, sikumwuliza.
Baba yake, msimamizi wa mkonge kule Kimamba,
mrefu, mikono imejaa makovu ya miiba.
Mashamba yalipochukuliwa na serikali, akaondoka na meli.
Marika alikuwa na miaka sita. Alisimama bandarini, hapahapa,
akahesabu madirisha ya duara
mpaka namba alizozijua zikamwishia.
"Nataka kuingia kwake
kwa njia aliyotokea kwangu."

Mfumo wetu hauna sehemu ya kujaza hilo.

Fomu ya viza iliuliza sababu ya safari:
utalii, biashara, matibabu, kutembelea familia.
Kalamu yake ikazunguka juu ya visanduku
kama nzi juu ya sahani iliyofunikwa.
Baba amekufa, mwaka wa kumi na moja sasa.
Yupo binti wa huko, Fotini, aliyeandika ujumbe
kwa Kiswahili kilichopikwa na simu:
Njoo dada nusu. Bahari ni mwema mwezi tisa.
"Nusu!" akasema Bi Marika. "Ya juu au ya chini?"
Halafu akausoma tena, polepole, midomo ikitembea,
akaweka vema kwenye familia.

Ilipofika zamu ya tiketi nikasema lazima iwe ya kurudi,
ubalozi haugusi faili bila hiyo.
Akainua macho.
"Lazima?"
"Lazima, mama."
"Yeye hawakumdai."

Feni ikalalamika. Nikaweka meli.
Kitanda cha chini, karibu na dirisha,
na mahali pa kamisheni yangu nikaandika sifuri,
bosi atauliza, nitajua la kusema.

"Mzigo ni kilo ishirini na tatu," nikamwambia.
Akatoa kikapuni kamba ya mkonge,
mpya, ya manjano, bado inanuka shamba.
"Hii haishuki tumboni mwa ndege. Nakaa nayo."
Nikamweleza ukaguzi, kamba haziruhusiwi ndani,
watamvua kila kitu pale mlangoni.
Akasimama, akaizungusha kiunoni juu ya kanga,
mara mbili, akapiga fundo la kibwebwe.
"Huu ni mkanda," akasema.
"Waambie."